Mizani Kabla ya Uzio

Mashamba darasa ya malisho hapa Tanzania nayajua kwa sura moja: uzio wa waya, kibao kikubwa getini, na nyasi zilizofika kiunoni. Mgeni rasmi huja akahutubia, wafugaji wakapiga makofi, kisha wakarudi makwao na kuchunga kama walivyochunga jana. Baada ya hapo utasikia wakubwa wakilalamika kwamba mfugaji ni mgumu kubadilika.

Mfugaji alitazama sana. Aliona uzio asioweza kuununua na kisima asichokuwa nacho. Kitu ambacho hakukiona ni ng'ombe. Alionyeshwa nyasi, naye kipato chake kiko kwenye nyama.

Elimu yenyewe tunayo. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa kilianza enzi za Wajerumani, mwaka 1905. Kongwa, Waingereza walipojaribu kulima karanga kuanzia 1947 na mradi ukawafia, ardhi ile ile ikageuzwa ranchi. Wataalamu wetu wanajua kwamba nyasi ikiliwa huchipua kwa akiba iliyo chini ya jani. Ikiliwa tena kabla haijapona, mizizi hudhoofu, ardhi hubaki wazi, na mvua inayofuata huondoka na udongo. Ndiyo maana wanashauri eneo ligawanywe vitalu, kimoja kikiliwa vingine vipumzike.

Lakini tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi, hizo ni kilo 540. Mwenye ng'ombe 20 anahitaji karibu tani 11. Nani atafyeka, atakausha, atafunga na kuhifadhi marobota ya tani 11 kwa mikono yake? Shamba la ekari mbili lenye nyasi nzuri halijibu swali hilo. Linalojibu ni eneo kubwa la asili lililofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, nyasi zikiwa zimesimama pale pale zilipoota.

Wasukuma wana jina la eneo hilo: ngitili. Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizojulikana mkoani humo hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa. Wataalamu walikwenda vijijini, lakini sheria za kufunga na kufungua zilitoka kwa wanakijiji wenyewe, kupitia mkutano wao wa jadi, dagashida. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Mfugaji aliyesitasita alipita kwa jirani wakati wa kiangazi, akaona ng'ombe wa jirani wanakula huku wake wamekonda. Darasa lilikuwa hapo, kwa mtu anayemfahamu, mwenye uwezo kama wake.

Hata hivyo, nyasi peke yake haitoshi. Wengi wa ng'ombe wetu wa asili hunenepa masika na kukonda kiangazi, kwa hiyo kila mwaka sehemu ya kilo mpya ni kufidia zilizopotea. Ndiyo maana huchukua miaka minne, mitano au zaidi kufikia uzito wa kuuzwa. Mfugaji akitunza malisho, anaokoa kilo hizo. Akifika mnadani, mara nyingi mnunuzi humtazama ng'ombe kwa macho na kutaja bei. Kilo zilizookolewa kwa jasho hazihesabiwi. Atunze nyasi ili iweje?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, shamba darasa liwe kwenye ardhi ya mfugaji au ya kijiji, kwa uzio wa miiba na sheria ya kijiji. Pili, liwe na ng'ombe: makundi mawili ya rika moja, moja la malisho yaliyopumzishwa na jingine la kuchungwa kama kawaida, wapimwe kila mwezi mbele ya wanakijiji, na gharama zote ziandikwe ubaoni. Tatu, mnada wa karibu uuze kwa kilo, ili tofauti ile ionekane mfukoni. Mfugaji akiona kwamba ng'ombe 15 walioshiba wanamlipa kuliko 20 waliokonda, atapunguza kundi kwa hiari yake, na hapo ardhi nayo itapumua.

Halmashauri za wilaya, mnapopanga bajeti ya mifugo ya mwaka ujao, nunueni mizani kwanza. Uzio unaweza kusubiri.