Mwenye kusaidia naye anachoka

Ndugu zangu, vijana wa Lukafu,

Leo sitaongea juu ya umeme ao barabara. Niko na neno juu yetu wenyewe. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, simu zetu hazilali. Watu wanapiga usiku, wanatafuta jamaa zao, wanaomba pesa ya kula. Na sisi tunajibu wote, kila saa.

Alama iko hii: mama anakueleza shida yake, wewe unamusikilia hasira, ao husikii kitu. Pale usingizi wa siku moja hautoshi. Mu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa inatoka mu kazi: nguvu kuisha, kuichukia kazi, kuona kama haifai tena. Uvivu hapana.

Basi tufanye zamu. Wawili wawili wabebe simu. Saa tatu ya usiku wengine wapokee. Siku ya yenga mtu wa zamu ya jana asiulizwe uko wapi. Na mwenye kusikiliza kilio cha watu, awe na mwenzake wa kumusikiliza.

Mwenye kuona haya ni mambo ya matajiri, aseme sasa, tubishane. Karatasi ya majina iko pale mlangoni. Kwa leo usiku bado wawili wanahitajika.