Kushindwa kura si kufungwa mdomo

(Muziki wa kufungua. Unashuka.)

Leo nazungumza nawe uliyeshindwa kura kwenye mkutano wa baraza la wakimbizi. Labda mlikuwa mnaamua mahali pa kuweka bomba la maji. Mikono ikahesabiwa, upande wako ukawa mdogo, ukarudi nyumbani ukisema: "Mimi na vikao, basi."

Kabla hujaacha, sikiliza yaliyotokea hapa Kampala. Tarehe 20 Desemba 2017, Bunge la Uganda lilipiga kura kuondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Waliokubali walikuwa 315, waliokataa 62. Katika mswada huohuo, wabunge walijiongezea muda wao kutoka miaka 5 hadi 7.

Kipindi hiki hakina chama. Sisemi nani alikuwa na haki. Natazama tu walioshindwa walifanya nini.

Kwanza, waliokataa hawakuwa wapinzani peke yao. Walikuwemo wabunge wa chama tawala, NRM, kama Monica Amoding na John Baptist Nambeshe. Hoja ilivuka mstari wa vyama, na kila kura iliandikwa kwa jina la mwenye nayo.

Pili, hawakunyamaza. Wabunge sita wa upinzani walikwenda mahakamani, na chama cha wanasheria pia. Tarehe 26 Julai 2018, Mahakama ya Katiba ikiwa Mbale ilitoa hukumu. Kuhusu umri, walishindwa tena. Lakini kuhusu ile miaka 7, majaji wote watano walisema ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo uchaguzi ulifanyika Januari 2021, haukungoja 2023.

Waliomba mengi, wakapata moja. Hilo moja halikuwa dogo: raia hawakucheleweshewa kura yao miaka miwili.

Sisi wakimbizi hatuchagui wabunge wa Uganda. Lakini viongozi wa mabaraza yetu tunawachagua wenyewe. Basi ukishindwa, fanya mambo matatu. Omba sababu zako ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mtafute mtu wa upande ulioshinda anayekubaliana nawe hata kwa jambo moja. Pengine naye ana mama mzee asiyeweza kubeba jerikeni mbali. Kisha rudini pamoja na jambo hilo moja, kwa heshima, bila kutukana kabila wala nchi ya mtu. Bomba huenda lisihame, lakini mnaweza kukubaliana wazee na wajawazito wachote kwanza.

Ukikaa nyumbani, hilo nalo halitasemwa na mtu.

Wazee walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Swali la kuzungumza katika kundi lenu: katika uamuzi wa mwisho mlioshindwa, ni jambo gani moja ambalo pande zote mbili zinaweza kukubaliana?



(Muziki wa kufunga.)