Gesi Iliyomeza Eksirei



Mwakumbuka kile kioo cha pembe tatu cha maabara, kilivyotenga nuru ikawa rangi? Eksirei nazo hupangwa hivyo, kwa nguvu zake. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, iliona mlipuko wa miali ya gama. Saa chache baadaye ikakuta eksirei zikififia mahali pale pale. Habari zake zilipokelewa Malindi, pwani yetu hii hii.

Baadaye wataalamu kadhaa walitangaza kuona alama ya chuma katika eksirei za namna hiyo. Niliamini, nikafundisha hivyo. Setilaiti Swift, iliyorushwa 2004, ikachunguza mamia ya milipuko. Alama ile haikuthibitika.

Kilichosimama ni upungufu. Eksirei zenye nguvu ndogo hazifiki zote: humezwa na oksijeni, chuma na elementi nyingine katika gesi ya njiani. Tukitoa sehemu iliyomezwa na galaksi yetu, inayosalia ni ya huko mbali. Kama gesi hiyo yaizunguka nyota iliyolipuka au imetapakaa njia nzima, hapo bado twabishana.