TFC isilale kwenye karto: maneno kwa wafinalisti

Maneno haya yalisemwa Bukavu, mbele ya wafinalisti na vijana wa kartye mbalimbali. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale hawakuweza kufika.



Nimeombwa niseme juu ya TFC na memwari. Naona wengine tayari munapiga miayo. Mutu akisikia TFC anafikiri pesa ya direkta, pesa ya fotokopi, kravati ya kuazima, juri, picha na wazazi, soda, halafu basi. Leo sitafundisha namna ya kupata alama. Nataka tuulizane kitu kimoja: kazi hizi zinamfaa nani?

Tuanze na hesabu moja. Kongo ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984. Karibu sisi wote hapa tulikuwa bado kuzaliwa. Tangu wakati ule, hesabu yoyote mutakayosikia ya watu wa Kadutu, wa Ibanda ao wa Bagira ni makadirio. Shule zinapangwa kwa makadirio. Chanjo za watoto zinapangwa kwa makadirio. Mabomba ya maji, vilevile.

Sasa niambieni: katika nchi kama hii, nani anapanda kwa mguu hadi Funu, anashuka Nyamugo, anabisha mlango kwa mlango na kuuliza: muko wangapi humu ndani? Maji munachota wapi? Uchafu munatupa wapi? Mutoto akihara munampeleka wapi? Mara nyingi ni mwanafunzi, biki mukononi, karatasi chini ya kwapa, viatu vimejaa matope. Hakuna mutu anayemulipa. Ni yeye anayelipa.

Katika mufumo wa zamani tulikuwa na miaka mitatu ya graduat, na TFC mwishoni. Halafu miaka miwili ya licence, na memwari mwishoni. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeingia katika LMD, na sasa licence yenyewe ni miaka mitatu. Majina yamebadilika, lakini ankete imebaki. Kila mwaka maelfu ya vijana wanatumwa kuuliza raia maswali. Ni utajiri mukubwa sana, na tunauacha uoze.

Utajiri huo unakwenda wapi? Munajua wenyewe. Kopi zinawekwa kwenye karto, karto inawekwa juu ya karto ingine, katika ofisi yenye unyevu. Panya ndio wasomaji wa kwanza. Wakati wa ankete ya memwari yangu, mama mumoja aliniangalia vizuri, akaniambia: «Mutoto yangu, mwaka uliopita walikuja wengine na maswali sawa na haya. Majibu yetu muliyapeleka wapi?» Sikuwa na la kumujibu. Aliacha kuchambua maharagi yake, akanipa kiti, akajibu maswali yote mpaka mwisho. Yule mama alikuwa ametoa saa nzima ya kazi yake kwa ajili ya sayansi. Sayansi yenyewe haikurudi hata kumusalimia.

Kuna na ubaya mwingine, tuuseme bila haya. Mbele ya vyuo vyetu kuna sekretaria publiki ambako mutu anaweza kununua TFC nzima, anabadilisha jina la kartye na jina lake. Siku hizi hata safari ya sekretaria publiki si lazima, simu inaandika yenyewe. Fungueni kapitulo inayoonyesha mahali pa utafiti: maneno yaleyale, mipaka ileile ya komini, hesabu ileile ya watu, inanakiliwa toka mwaka hadi mwaka. Wenye kunakili wanasema ni shida ndogo, wote wanafanya hivyo. Si shida ndogo! Kama ulibuni majibu ya watu 100 ukiwa umekaa kitandani, na kesho shirika moja likaamini karatasi yako, watajenga kisima mahali hakuna mutu, na kule watu wako watoto wataendelea kunywa maji ya kolera. Uongo katika ankete unaweza kuua sawasawa na uongo katika hospitali.

Na ankete ya kweli inaweza kufanya nini? Nitatoa mifano mitatu.

Mufano wa kwanza uko Katanga. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha vipimo vya kobalti katika mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2018 wakatoa kazi ingine juu ya Kasulo, kartye ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Walilinganisha watu wa Kasulo na watu wa kartye ingine ya jirani. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Hiyo haikuwa TFC, ni kazi ya watafiti wakubwa wenye laboratwari. Lakini swali lake hata mufinalisti angeweza kuliuliza: vumbi hili linaingia wapi? Mbele ya vipimo, kampuni ilikuwa inaweza kusema raia wanalalamika tu. Nyuma ya vipimo, neno hilo limekuwa gumu kulisema.

Mufano wa pili uko upande wa Goma. Wazee wa kule wanaita mazuku ile hewa mbaya inayotoka chini, katika udongo wa volkano. Ni gazi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde. Mutu mukubwa akisimama anaweza kupita salama, mutoto ao mbuzi mwenye kichwa chini anakufa. Wanasayansi wa dunia nzima leo wanaandika neno hilo hilo, mazuku, katika vitabu vyao. Maana yake wazee wetu walikuwa wamechunguza mbele ya mutu yeyote kuleta mashine. Mwanafunzi anayechora karte ya mashimo hayo, nyumba kwa nyumba, pamoja na wenyeji wanaoyajua, anafanya sayansi na anaokoa watoto kwa wakati moja.

Mufano wa tatu uko hapa kwetu. Chupa na sashe tunazotupa zinashuka na mvua, zinaingia Ziwa Kivu, zinafika kwenye kizuizi cha Ruzizi na kuziba mashine za umeme. Halafu tunalala giza na kulaumu SNEL peke yake. Serikali ilikataza sashe za plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Tembeeni sokoni, mutaona namna inaheshimiwa. Basi nani atahesabu, mwezi moja, avenyu moja, ni mifuko mingapi ya uchafu inatoka, na ni mahali pangapi raia anaweza kuitupa bila kuitupa kwenye mutaro? Haiombi laboratwari. Inaomba muzani, kaye, na miguu.

Wafinalisti, ndiyo maana naleta kwenu maombi manne.

Kwanza, chagueni swali dogo ambalo jibu lake linaweza kuhesabiwa. «Shida ya maji Kongo» ni wimbo, si swali. «Bomba hili linatoa maji siku ngapi kwa wiki, na bidoni moja inauzwa franka ngapi wakati halitoi?» Hilo ni swali.

Pili, andikeni wazi ni lini mulienda, wapi, muliuliza watu wangapi, na wangapi walikataa kujibu. Kama jibu linaangusha hipotezi yako, liache lisimame. Juri inayojua kazi itakuheshimu.

Tatu, lindeni wale wanaowajibu. Tuko Kivu, munajua tunaishi namna gani. Jina la mutu lisiandikwe, nyumba yake isitambulikane, picha isipigwe bila ruhusa. Kuna maswali hayafai kuulizwa mlangoni, hata kama direkta anayapenda. Hakuna alama ya juri inayolingana na usiku moja wa familia ya watu.

Nne, rudini. Kisha kutetea kazi yako, andika ukurasa moja kwa Kiswahili, bila maneno makubwa: tuliuliza nini, tulikuta nini, nini inaweza kufanyika. Peleka kwa shefu wa kartye, kwa muganga wa santa ya afya, kwa ile avenyu iliyokujibu. Usome kwa sauti, maana si wote wanasoma. Waache wakukosoe, mara nyingi wanajua kosa liko wapi.

Na sisi wa muvuma huu tunafanya nini na karatasi hizo? Katiba yetu ya 2006, artikle ya 27, inasema Mukongomani yeyote, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia serikali ombi, na serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi lenye hasira tu ni rahisi kulitupa. Ombi lenye hasira na hesabu, lenye avenyu na tarehe, lenye sahihi za wenyeji, haliwezi kutupwa kwa urahisi. Hata wakilinyamazia, kimya chao kitakuwa na tarehe.

Mimi niko na diploma na sina kazi. Wengi wenu muko hivyo, ao mutakuwa hivyo nyuma ya kolasio. Wanatuambia elimu yetu haina soko. Inawezekana. Lakini kujua kuuliza vizuri, kuhesabu bila kudanganya na kuandika kilichoonekana, hiyo kartye zetu zinaihitaji leo, hata kama hakuna bwana wa kuilipa. Tusingojee mukataba ndio tukumbuke tulisoma.

Kila mutu aliyemaliza, atafute kopi yake nyumbani, chini ya kitanda ama kabatini, aandike ule ukurasa moja kabla ya mukutano wetu ujao. Tutazipanga kartye kwa kartye: maji, uchafu, afya, shule, udongo unaoporomoka. Wale ambao bado wako kwenye ankete, mukuje na maswali yenu, tuyatengeneze pamoja, bure. Na kama kuna yule mama wa maharagi katika kartye yako, anza na yeye. Anangoja majibu.