Kutetea Tasnifu ya Uzamivu Ughaibuni

Utetezi wa tasnifu ni mtihani wa mdomo ambamo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, baada ya miaka kadhaa ya utafiti, huketi mbele ya watahini na kujibu maswali kuhusu kazi aliyoiandika. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki walioko Ulaya na Marekani huufikia mtihani huo wakiwa wameimudu mada yao barabara, lakini huyumba kwa sababu isiyozungumzwa vya kutosha: malezi ya darasani yamewazoesha kwamba mwalimu akisema, mwanafunzi huitikia, ilhali utetezi humtaka mtahiniwa aishikilie hoja yake mbele ya mtu anayemzidi umri na cheo.

Taratibu hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Nchini Uingereza mtihani huu, uitwao viva, hufanyika faraghani mbele ya mtahini wa ndani, ambaye ni mhadhiri wa chuo hicho hicho, na mtahini wa nje kutoka chuo kingine. Msimamizi akiruhusiwa kuingia, hukaa kimya. Marekani msimamizi ni mjumbe wa jopo, mara nyingi ndiye mwenyekiti wake, na maswali ya faragha hutanguliwa na wasilisho ambalo aghalabu huwa wazi kwa wote. Uholanzi tasnifu huwa imekwisha kuidhinishwa kabla ya siku yenyewe, mtahiniwa husindikizwa na wapambe wawili, jamaa na marafiki huhudhuria, na maswali huendelea kwa kawaida dakika 45, mpaka mshika fimbo wa chuo aingie na kutamka kwa Kilatini “Hora est”, yaani saa imewadia. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyesoma nchi nyingine haufai kufuatwa kabla ya kanuni za chuo husika kusomwa.

Maandalizi yenye tija huanza kwa kuisoma tasnifu upya, kalamu mkononi, huku kila uamuzi ukiwekewa alama: nadharia iliyoteuliwa, mahali pa utafiti, sampuli, yaani kundi dogo lililochaguliwa kuwakilisha kundi kubwa, na yale yaliyoachwa nje. Watahini huuliza zaidi kuhusu maamuzi kuliko wanavyouliza kuhusu yaliyomo, kwa sababu yaliyomo wamekwisha kuyasoma. Aliyekusanya data kwa Kiswahili na kuandika kwa lugha nyingine ajiandae kueleza nani alizitafsiri hojaji na mahojiano, tafsiri zilihakikiwa vipi, na awe na nakala za maneno asilia ya wahojiwa. Utetezi wa majaribio mbele ya wenzake, hasa wasio wa fani yake, humfunulia mtahiniwa mengi ambayo msimamizi, kwa kuizoea kazi, hayaoni tena.

Uchukuliwe mfano wa mtahiniwa aliyetafiti wanawake wanaouza dagaa katika soko la Mwaloni, Mwanza, akaulizwa kwa nini alijifunga na soko hilo ilhali dagaa huuzwa kandokando ya ziwa zima. Jibu linalokuja upesi ni hili: “Ni kweli, Profesa, nashukuru, nitarekebisha.” Jibu hilo lina adabu, na huenda nyumbani lingesifiwa, lakini mbele ya jopo ni kukiri kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu. Jibu lenye nguvu hukubali ukweli uliomo ndani ya swali, hutoa sababu, kisha huweka mpaka: “Ni kweli, Profesa, kwamba matokeo haya hayawezi kuhamishiwa Bukoba au Musoma moja kwa moja. Mwaloni ilichaguliwa kwa sababu ndipo mzigo wa visiwani unapokutana na wanunuzi wa jumla, na swali la tasnifu linahusu makutano hayo. Mialo midogo inahitaji sampuli yake.” Heshima haikupungua hata kidogo; kwa hakika imezidi, maana swali la mkubwa limepimwa kwa uzito wake badala ya kupitishwa kwa shukrani.

Ukakamavu huo si ubishi. Jedwali lenye takwimu zisizowiana na maelezo yake likionyeshwa, kosa likubaliwe kwa sentensi moja na mazungumzo yaendelee. Swali lisiloeleweka linaweza kuombwa lirudiwe, na kuliandika kwanza kabla ya kujibu hakumpunguzii mtu alama.

Nchini Uingereza matokeo yaliyozoeleka ni kufaulu kwa sharti la marekebisho madogo, na ni vyema jamaa wa nyumbani waelezwe mapema kwamba huko ni kufaulu. Kwa kuwa marekebisho huweza kuchukua miezi, tarehe ya mwisho ya viza iulizwe katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya utetezi. Baada ya utetezi huandaliwa jedwali la safu tatu, yaani maoni ya mtahini, badiliko lililofanywa na ukurasa lilipo, ambalo huwasilishwa pamoja na tasnifu iliyorekebishwa, kwa kuwa shahada haitolewi mpaka marekebisho yathibitishwe.