Malikale Mashambani: Usichimbe, Toa Taarifa



Katika Mkoa wa Lindi masimulizi ya "mali ya Mjerumani" yamedumu vizazi kadhaa. Husemwa kwamba majeshi ya Kijerumani, yakirudi nyuma mwaka 1917, yalifukia dhahabu chini ya miti na kando ya mito. Masimulizi hayo ndiyo yanayomleta mgeni mwenye mashine ya kutambua metali, na ndiyo yanayomshawishi mkulima kuruhusu shimo katikati ya mihogo yake kwa ahadi ya kugawana nusu kwa nusu.

Yafaa kwanza kufahamu mashine hiyo hufanya nini. Hupeleka nguvu za sumaku ardhini, na metali iliyofukiwa ikiitikia, mashine hulia. Haina uhakika wa kutofautisha dhahabu na ganda la risasi. Mapigano ya Mahiwa pekee, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yaliua na kujeruhi maelfu ya askari, wengi wao Waafrika waliopigana chini ya bendera za wageni. Vyuma vya vita vya namna hiyo havikuzolewa vyote. Ni kweli kwamba sarafu za dhahabu za rupia 15 zilitengenezwa Tabora mwaka 1916. Lakini huko huko zilitengenezwa pia sarafu za heller zisizo za dhahabu, ambazo jina lake limebaki katika Kiswahili kuwa hela.

Mlio huo huo waweza kuwa wa bomu ambalo halikulipuka. Kutu haiondoi hatari ya baruti. Mwenye mashine akishaondoka, wanaobaki na shimo ni mkulima na wanawe.

Hasara ya pili ni ya elimu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 5 za shaba za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Ziliokotwa mchangani, bila kitu cha kuzieleza. Hadi leo hakuna mwenye uhakika zilifikaje huko. Kule Songo Mnara, kinyume chake, watafiti walichimbua kwa utaratibu akiba ya sarafu zaidi ya 300 ndani ya nyumba ya kale, wakaweza kukadiria wakati zilipofukiwa. Kitu kikishang'olewa mahali pake, habari yake haifukiwi tena.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kwa kutafuta malikale bila leseni. Ridhaa ya mwenye shamba haitoshi. Anayekutana na kitu cha kale kwa bahati wakati wa kulima hana kosa; wajibu wake ni kutoa taarifa.

Kwa hiyo, jembe likigonga chungu, sarafu au ukuta wa kale, mkulima akiache kitu hicho palepale, aweke alama, na amweleze Mtendaji wa Kijiji, ili taarifa imfikie Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Kikiwa na umbo la bomu au risasi, kisiguswe kabisa: watu na mifugo waondolewe, polisi waitwe.

Mkulima anayemkatalia mgeni mwenye mashine hatupi utajiri. Analinda miguu ya watoto wake na habari za wazee wake.