Dunia Iliyouzidi Ulimwengu Umri

Msikilizaji, kuna wakati wanasayansi walijikuta na hesabu ya aibu: dunia ilikuwa na umri mkubwa kuliko ulimwengu wenyewe. Mtoto kamzidi mama yake miaka.

Hesabu ilianzia kwa Edwin Hubble. Mwaka 1929, kwa darubini ya Mlima Wilson, California, alionyesha kwamba galaksi zinatukimbia, na iliyo mbali zaidi inakimbia kasi zaidi. Si kwamba sisi tuko katikati. Nafasi yenyewe inatanuka, na aliye kwenye galaksi nyingine yoyote angeona hayo hayo. Ukijua umbali na kasi, unarudi nyuma mpaka pale vyote vilipokuwa vimebanana. Kwa vipimo vya Hubble, jibu lilikuwa miaka kama bilioni 2. Lakini waliosoma miamba kwa urani inayogeuka polepole kuwa risasi, kufikia miaka ya 1940, walikuwa wameipa dunia bilioni 3.

Kosa lilikuwa kwenye umbali. Ulipimwa kwa nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Kanuni yake aliieleza Henrietta Leavitt mwaka 1912: nyota inayochukua siku nyingi zaidi kumaliza zamu moja ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Kumbe ziko za aina mbili, na watu walizipima kama moja! Aliyeling'amua hilo ni Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa uraia wake hakuhusishwa na kazi za kijeshi, akabaki mlimani na darubini, huku chini yake taa za Los Angeles zimepunguzwa kwa hofu ya mashambulizi. Mwaka 1952, mjini Roma, alitangaza kwamba galaksi ziko mbali karibu mara mbili ya ilivyodhaniwa. Umri wa ulimwengu nao ukaongezeka mara mbili.

Baada ya masahihisho zaidi, leo tunasema bilioni 13.8, lakini ubishi haujaisha. Satelaiti ya Planck, iliyosoma mwanga wa kale kuliko wote, inatupa kasi ya kutanuka ya kilometa 67 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Kundi la mwanaastronomia Adam Riess, likianzia kwenye nyota zilezile za Leavitt, linapata 73. Basi vichwa vya habari vinatangaza kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu, ile ya ulimwengu kuanza umebanana kisha kutanuka, imekufa. Siafiki. Pande zote mbili zinakubali kwamba ulimwengu unatanuka. Zinagombana juu ya kasi.

Riess amezikagua nyota zake kwa darubini mpya ya James Webb, na anasema vipimo vimesimama. Wendy Freedman wa Chicago, kwa Webb hiyohiyo, ameongeza nyota za aina nyingine akapata karibu na 70. Mpaka hao wawili wakubaliane kuhusu umbali wa galaksi za jirani, mimi sisomi tanzia ya mtu.